Maneno Matatu-Matatu

Juma lililopita Kambale alikuja redioni asubuhi, kabla sijamaliza chai, akasimama mlangoni bila kubisha hodi. Nilimtambua kwa kikohozi chake, maana siku hizi watu nawatambua kwa sauti kwanza, sura inafuata baadaye kama ina bahati. Ni mfanyabiashara wa kompyuta za mtumba karibu na soko kuu, mtu wa maneno mengi, lakini asubuhi hiyo maneno yalimpungukia. "Ngabu," akasema, "Masika ametuacha. Kule Butembo, kwa bwana yake. Familia inasema communiqué isomwe na weye." Nikamwambia akae, hakukaa. Akaniwekea karatasi ya tangazo la msiba mezani, akanishika bega, akaenda kutafuta gari la kumfikisha kwenye kilio cha dada yake. Chai ilipoa. Nilikaa na karatasi ile mbele yangu, sikuweza kusoma hata neno moja juu yake, na nikaukumbuka mwaka mimi na Masika tulipokaa pande mbili za kioo kimoja.

Mambo ya ukoo wangu nitayaruka, hayana utamu na waliobaki wanayajua. Inatosha kusema kwamba nilizaliwa na macho hafifu ambayo miwani haikuyasaidia, kwamba shuleni nilisoma pua ikigusa kitabu, na kwamba nilipata diploma kama wenzangu kisha nikakaa barazani bila kazi, kwa sababu hakuna mtu Bunia aliyetaka karani anayenusa karatasi. Ulikuwa mwaka wa amani ile ya kusikilizia. Bunduki za vita vya makabila mawili zilikuwa zimenyamaza mjini, magari meupe ya walinzi wa amani yalipita kwenye vumbi letu jekundu, soko lilijaa, harusi zilikuwa zimerudi. Lakini mtu akifunga mlango kwa kishindo, mtaa mzima ulinyamaza kwanza kabla ya kuendelea na mazungumzo. Niliposikia redio ya mtaani kwetu inatafuta msomaji wa matangazo, nilivaa shati la kaka yangu nikaenda. Sauti nilikuwa nayo, hilo nililijua tangu kwaya.

Redio ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi, na hapo walikaa watu wenye vikaratasi vyao: aliyepoteza kitambulisho, aliyepoteza mbuzi, aliyefiwa. Chumba cha katikati kilikuwa cha mitambo. Cha nyuma ndicho studio, kioo kikikitenganisha na mitambo, kuta zake zimefunikwa kwa godoro kuukuu lililokatwa vipande, na wakati wa mvua kilinuka kama chumba cha mgonjwa. Tulikuwa na vipindi vya muziki na mahubiri, lakini watu walitufungulia kwa ajili ya vifo. Simu zilikuwepo mjini, ila kule Kilo, nje ya mji, ukitaka mtandao ulipanda mlima, na vijiji vingi vilisikia habari za msiba kwetu kabla ya kusikia kwa mjumbe. Na tangazo la msiba lina mpangilio wake, ambao hakuna aliyeuandika na kila mtu anaufuata. Kwanza inatajwa familia inayotangaza. Kisha wanatajwa wanaotangaziwa, mmoja mmoja na mahali pake: fulani wa Gety, fulani wa Kilo, mama fulani wa Kpandroma. Jina la marehemu linakuja mwisho. Ni adabu. Mtu anaposikia jina lake miongoni mwa wanaotangaziwa, anapata nafasi ya kutafuta kiti.

Msomaji aliyekuwepo kabla yangu alikwenda masomoni Kisangani, lakini nilisikia kwenye benchi lile kwamba hakuondoka kwa ajili ya masomo tu. Mama mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, bila kujali kwamba mlango uko wazi, jinsi msomaji yule alivyowasoma wafu: "Bafu ba kwetu alikuwa anabasoma kama bei ya nyanya. Ba kwabo anabasoma kama Injili." Mwenzake akaguna. Ndivyo tulivyokuwa mwaka ule. Mkurugenzi wetu, Papa Anselme, mwalimu mstaafu aliyevaa tai hata siku ya soko, aliniambia jambo hilo kabla hata ya kuuliza jina langu. "Hapa batu banahesabu mupaka pumuzi," akasema. "Ukimeza mate kwa mufu wa huyu, umeze na kwa mufu wa yule. Redio hii ikiungua, itaungua juu ya pumuzi ya mutu moja." Kisha akanipa karatasi nisome mbele ya maikrofoni. Nikaileta puani kama kawaida yangu. Karatasi ikakwaruza maikrofoni, sauti yangu ikafia ndani ya karatasi, na wote waliokuwa chumba cha katikati wakavua visikilizi masikioni. Papa Anselme hakuwa mkatili. Alisema tu: "Sauti iko. Macho hakuna. Siye tunasomaka, hatuimbi kwa kichwa." Nilishaanza kuufungua mlango.

Ndipo Masika akaongea. Alikuwa fundi mitambo, msichana wa Butembo aliyefuatana na kaka yake Kambale hadi Bunia, mwenye karanga mfukoni saa zote, na mpaka wakati ule nilidhani ni mfanyausafi kwa sababu alikuwa amepiga magoti chini ya meza akifunga waya. "Directeur," akasema kutoka huko chini, "nipe ile laptop yako." Papa Anselme akauliza ya nini. "Ile ugonjwa ya kuvimba," akajibu. Akaeleza huku akijifuta vumbi. Mteja mmoja wa Kambale alikuwa amerudisha kompyuta dukani kwa hasira, akidai ameuziwa kitu chenye virusi, herufi zimevimba zimejaa skrini nzima. Wakaizima, wakaiwasha, mchungaji wa jirani akaombwa ushauri. Masika ndiye aliyegundua kwamba mtoto wa yule mteja alikuwa amebonyeza kitufe chenye bendera pamoja na alama ya kujumlisha. Haikuwa virusi, ilikuwa lupu, kioo cha kukuza herufi, imo ndani ya mashine tangu kiwandani, na hakuna aliyeijua kwa sababu hakuna aliyeihitaji. "Sasa huyu njo anaihitaji," akasema. Akaandika lile tangazo kwenye laptop, akabonyeza, akabonyeza tena. Skrini ikanijia usoni. Niliona neno FAMILIA limekaa wima mbele yangu, mbali na pua yangu urefu wa mkono mzima. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na ilikuwa mara ya kwanza kusoma nikiwa nimenyoosha mgongo.

Mwanga mweupe ulinichoma macho, akageuza rangi, herufi zikawa nyeupe juu ya weusi. Papa Anselme akapiga kelele kwamba tumeiharibu laptop yake. Alipotulia alinipa kazi ya majaribio. "Jina ya mufu moja ukikosea, unarudia kwenu," akasema, na nilijua hatanii. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kukitaka. Haikuwa habari ya mshahara, maana mshahara wenyewe ulikuja kama mvua ya kiangazi. Nilitaka kuwa mtu anayengojewa mahali fulani asubuhi.

Tatizo la lupu ni kwamba inakupa ukubwa na inakunyima upana. Kwa ukubwa nilioweza kuusoma, skrini ilibeba maneno matatu, manne yakiwa mafupi. Mengine yote yalikuwa nje, kulia na chini, na ilibidi niyaendee kwa kusukuma kipanya mezani. Nikisukuma kwa haraka maneno yalikimbia kama kuku. Mkono ukitetemeka yalitetemeka nayo. Nikifika mwisho wa mstari ilibidi nirudi hadi mwanzo wa mstari unaofuata, na katika kurudi huko nilinyamaza, nitake nisitake. Masika alinisaidia kwa kuandika mistari mifupi, kila mmoja wa kadiri ya skrini, ili nishuke tu badala ya kurudi. Hata hivyo usomaji wangu ulibaki wa kipekee: maneno matatu, pumzi, maneno matatu, pumzi. Watoto wa mtaani waliniita Pole-Pole kabla ya mwezi kuisha. Walinifuata hadi sokoni wakitangaza: "Familia ya Papa... Pole-Pole... inatangazia jamaa... na marafiki..." Nilicheka nao, ila moyoni niliumia. Kwenye benchi nilisikia wakisema msomaji mpya ana usingizi. Mzee mmoja alikuja kuuliza kama nalipwa kwa saa. Papa Anselme alianza kukaa studioni wakati nikisoma, akipumua kwa nguvu, na siku moja nilimsikia akimwambia Masika kwamba nia njema haitoshi.

Vilivyoniokoa ni viazi. Lonu, dereva wa lori la mboga la Kpandroma, aliingia redioni na mfuko mzito, akauweka mbele ya Papa Anselme. "Inatoka kwa Maman Véronique wa Kpandroma," akasema. "Ni ya ule mutoto anasomaka pole-pole." Papa Anselme akauliza Maman Véronique ni nani. Lonu akasema ni mjane, analima viazi karibu na soko, redio yake inatundikwa kwenye msumari juu ya jiko. Wanawe wawili walikufa wakati wa vita, na jamaa zao wengine walisikia baada ya matanga, wengine hawakusikia kabisa. Ametuma neno, na Lonu alilitoa akiwa amevua kofia: "Anasema, mumwambie hivi: batu balikufaka mbio-mbio. Basomwe pole-pole." Papa Anselme alifunga mfuko, akaufungua, akatazama viazi kana kwamba ndivyo vilivyosema. Kuanzia siku ile hakukaa tena studioni kunipumulia.

Viazi vilikuja kila siku ya soko. Tulivipika nyuma ya nyumba, karibu na jenereta, katika sufuria ya Masika, pamoja na samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa na chumvi nyingi. Tulikula kwa mikono, tukiwa tumekaa juu ya betri zilizokufa, na hapo ndipo nilipomjua Masika. Alisema vitu vikubwa huku akimenya kiazi. Aliniambia kwamba Bunia watu humuuliza mgeni jina ili wajue kabila, na wakisikia Masika wanashusha pumzi, huyu ni wa Butembo, hayumo kwenye ugomvi. "Lakini jina yako weye inabachanganya," akasema. "Ngabu iko huku na iko kule. Banashindwa bakuchukie namna gani." Nikamwambia hata macho yangu hayaoni tofauti. Alicheka mpaka kiazi kikamtoroka. Kila mara nilimtumia Maman Véronique salamu kupitia Lonu, naye alinirudishia yake: nile vizuri, nisiharakishwe na mtu, nije nimwone. Niliahidi kwenda. Barabara ilikuwa leo nzuri kesho mbaya, Lonu mwenyewe alilala njiani mara kwa mara, na safari yangu tukawa tunaisogeza mbele: baada ya mvua, baada ya mavuno, baada ya Pasaka.

Tulikuwa na sharti moja la nyumba: hakuna kusoma msiba hewani kabla ya kuusoma pembeni. Wakati wa vita msomaji mmoja alikutana na jina la ndugu yake mbele ya maikrofoni, na Papa Anselme hakutaka kuyaona tena. Wenye macho mazima hutupa jicho chini ya karatasi, wanaona jina, wanajiandaa. Mimi nilisoma kila tangazo studioni kabla ya saa ya matangazo. Lakini yaliyoletwa kwa kuchelewa Masika aliyaandika wakati nasoma, akaingia kwa kunyata na kuyachomeka kwenye laptop kwa flashi, na hayo niliyasoma mabichi. Nilijua jina sekunde ileile msikilizaji alipolijua.

Asubuhi moja Masika aliingia na tangazo la mwisho, na badala ya kutoka kwa haraka akasimama kidogo nyuma ya kiti changu. Nilisikia harufu ya karanga. Kisha akatoka. Nikaanza kushuka.

Familia ya marehemu. Papa Justin wa. Kpandroma karibu na. Soko, inatangazia ndugu. Nilikuwa sijashtuka, Papa Justin sikumjua, Kpandroma ina watu wengi na soko lake lina majirani wengi. Jamaa na marafiki. Maman Dhena wa. Kilo, Papa Samuel. Wa Gety, na. Papa Lonu, dereva. Hapo mkono wangu ulikuwa mzito juu ya kipanya. Nilitaka kusimama, na sauti yangu ikaendelea bila mimi, kwa sababu ilikuwa imezoea. Kifo cha mama. Yao mupendwa, Maman. Nikashusha mstari mmoja. Skrini nzima ikawa jina moja, jeupe juu ya weusi, na nililisoma kwa macho kabla ya kuweza kulisoma kwa mdomo.

Redioni kimya kinaitwa blanc, na ni dhambi. Kimya kikizidi, fundi hutia muziki, hiyo ndiyo kazi yake. Nilingoja muziki. Nilimtazama Masika kupitia kioo, lakini kwangu alikuwa kivuli tu chenye mabega, na kivuli kile hakikunyoosha mkono. Kimya kikakaa. Nilisikia jenereta nyuma ya nyumba, na mtu kwenye benchi akisogeza mguu. Halafu nikasema: "Véronique." Nikasoma mahali pa kilio, nikasoma shukrani, nikafunga maikrofoni.

Papa Anselme aliingia akiwa ameshika tai yake. "Blanc ile ilikuwa ya nini? Nilizania umekufa!" Nikamwambia Maman Véronique wa viazi ndiye aliyekufa. Akaiachia tai, akatoka. Nilimfuata Masika uani, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu ninayempenda. Alikuwa anaosha uso kwenye pipa la maji.

"Weye njo uliandika," nikasema. "Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesoma?"

Nilishika ukingo wa pipa.

"Directeur angelimusoma yeye," akasema. "Kama bei ya nyanya. Yule mama alikuwa anafungua redio juu yako weye, Ngabu. Mutu gani mwingine angelimusoma?" Maji yalikuwa yakimtiririka kidevuni na sikuweza kujua yapi ni ya pipa. Hasira iliniisha pale pale, nikabaki na huzuni peke yake, na huzuni ilikuwa nyepesi kuibeba. Tulikaa juu ya betri zetu. Sufuria ilikuwa bado na viazi vya juzi, tukavila baridi, hakuna aliyewasha moto.

Lonu alirudi baada ya mazishi. Alisema uani kwa marehemu redio ilikuwa imewekwa juu ya kiti, katikati ya watu, na kimya kilipokuja walidhani betri zimekwisha, kijana mmoja akanyoosha mkono aipige, mkubwa wake akamshika. Waliposikia jina, ndipo wakalia. Na kesho yake mama mmoja wa ng'ambo ya kilima, upande ambao hawakusalimiana nao tangu vita, alishuka na kabichi kichwani, akaketi kwenye kilio na wanawake wengine. Walimuuliza amesikiaje. Alisema: "Nimesikia ule mutoto wa redio amenyamaza. Nikasema basi huyu ni mutu mukubwa." Papa Anselme alisikiliza yote hayo akiwa amesimama. Jioni aliweka sharti jipya: kabla ya jina la kila marehemu, awe wa wapi, msomaji anyamaze. Sawasawa kwa wote. Majaribio yangu hayakutajwa tena, na mwezi uliofuata jina langu lilikuwa kwenye orodha ya ukutani pamoja na majina ya wengine. Ni kweli pia kwamba kwa majuma kadhaa, kila tuliponyamaza, Bunia nzima ilipiga redio zake makofi, na muuza betri wa jirani alitutumia salamu za shukrani.

Masika aliolewa mwaka uliofuata akarudi Butembo. Kila alipopita Bunia alikuja na karanga, akakaa kwenye benchi kama mwenye msiba, akanisikiliza mpaka mwisho bila kusema amefika. Amani ile ilichanika tena baadaye, na meza yangu ikajaa kuliko wakati wowote, lakini mwaka ule mmoja hakuna aliyeninyang'anya. Macho yangu yameendelea kupungua. Zamani skrini ilibeba maneno matatu, sasa inabeba moja. Kijana wa mitambo wa sasa ananipenda na ananihurumia. Asubuhi ile ya Kambale aliponiandikia tangazo aliniambia: "Papa Ngabu, iko programme inasomaka yenyewe mu sikio. Weye unarudilia tu." Nilimshukuru. Nikamwambia leo hapana.

Niliingia studioni, nikabonyeza bendera na alama ya kujumlisha. Nikabonyeza tena, na tena, kuliko ninavyohitaji, mpaka hata neno moja halikuenea. Nikasoma familia inayotangaza. Nikasoma wanaotangaziwa, na ndani yao kulikuwa na jina langu, Papa Ngabu wa redio, Bunia, nikalisoma kama la mtu mwingine anayehitaji kutafuta kiti. Mara hii nilijua ni nani anayekuja mwisho. Nilinyamaza pale panaponyamaziwa. Upande wa pili wa kioo kijana hakugusa kitu. Kisha nikasogeza kipanya, ikaja M peke yake, kubwa kama mlango, ikaja a, ikaja s, na mkono wangu ukawa mzito, kwa sababu nilijua zimebaki herufi tatu tu.